Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Isiolo: Jeraha dogo la kibarua ni bili ya mwajiri

Kwa wawakilishi wa wadi, Bunge la Kaunti ya Isiolo.
Nakala: Waziri wa Afya wa Kaunti.

Waheshimiwa,

Mjengo ukiporomoka na kuua watu, kila mtu hujua la kufanya. Polisi huzungushia utepe, maafisa hufika kutoka Nairobi, wanahabari hupiga picha, na wakili wa familia hakosi kupatikana. Barua hii haihusu ajali hizo. Inahusu majeraha yasiyoandikwa popote: kibarua aliyekanyaga msumari kwenye mbao za mjengo, mvunja kokoto aliyeingiwa na kipande cha jiwe jichoni, mchinjaji aliyejikata kiganja, mpakiaji mchanga aliyeteguka mgongo, fundi wa kuchomelea aliyekesha macho yakimwasha kwa mwanga wa moto. Hoja yangu ni moja. Gharama ya kutibu majeraha hayo, kwa mujibu wa sheria ambayo nchi hii imekuwa nayo tangu 2007, ni ya mwajiri. Inaishia mfukoni mwa mfanyakazi kwa sababu anapofika kutibiwa hakuna anayemuuliza ameumia wapi, akimfanyia nani kazi. Swali hilo mnaweza kulifanya liulizwe ninyi, hapa Isiolo, bila kungoja Bunge la Taifa.

Naanza na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi wakisikia WIBA hufikiria fidia ya kifo au ya mkono uliokatika. Sheria hiyo ya Mafao ya Majeraha Kazini, WIBA kwa kifupi, ilipitishwa 2007 na kuanza kutumika Juni 2008. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo wa rufaa. Katika miaka yote hiyo ya mabishano, mawakili na makampuni ya bima walizozania zaidi mahali pa kupeleka madai, kortini au kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ile sehemu ya sheria inayohusu matibabu haikupata wasemaji wengi, ingawa maneno yake hayana utata: mwajiri atoe huduma ya kwanza, agharamie kumfikisha aliyeumia hospitalini, kisha alipe gharama zote za haki za daktari, dawa, upasuaji, uuguzi na hata nauli zilizotokana na ajali iliyotokea kazini. Kibarua hakuachwa nje. Sheria inamtambua mfanyakazi hata kama mapatano yake yalikuwa ya mdomo, hata kama analipwa kwa siku au kwa kiasi cha kazi aliyoifanya. Anayelipwa kwa lori alilopakia mchanga analindwa sawa na mhasibu mwenye barua ya ajira.

Kuna kosa moja la usomaji ambalo limewagharimu wafanyakazi wengi, nalo ni la siku tatu. Sheria inasema kwamba malipo ya muda, yaani yale yanayoziba pengo la mshahara, hutolewa kwa mtu ambaye ajali imemzuia kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi. Waajiri, na hata baadhi ya manyapara wenye nia njema, wamelichukua sharti hilo wakalitandaza juu ya kila kitu: jeraha lisilokulaza siku tatu si jeraha la WIBA, nenda kemisti. Lakini sharti la siku tatu ni la mshahara. Kifungu cha gharama za matibabu hakina idadi ya siku. Aliyeshonwa nyuzi nne asubuhi na kurudi kazini mchana hana dai la mshahara, ila risiti ya nyuzi zile nne ni ya mwajiri wake. Wala hahitaji wakili ili kumjulisha mwajiri, kwa maana taarifa ya ajali inaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na ana miezi 12 ya kuwasilisha dai.

Kama sheria iko wazi hivyo, kwa nini haifanyi kazi? Kwa sababu jeraha dogo halina mtetezi. Hakuna wakili atakayeshika kesi ya shilingi 1,500. Kampuni ya bima haina haraka ya kufungua faili kwa ajili ya chanjo moja na bandeji. Maafisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini ni wachache, na kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Haiwezekani wafuate kila kidole kilichokatwa kuanzia Oldonyiro hadi Sericho. Mfanyakazi mwenyewe anapiga hesabu ya haraka: nikienda kudai nitapoteza siku ya kazi, na pengine kesho sitaitwa. Basi nyapara anatoa noti moja au mbili, anasema pole, na mambo yanaishia hapo. Noti ile si ukatili, mara nyingi hutolewa kwa huruma ya kweli. Tatizo lake ni kwamba inageuza haki kuwa hisani, na hisani ina kikomo ambacho mwajiri hukiweka kabla ya daktari kulitazama jeraha.

Hapo ndipo neno “dogo” linapodanganya. Msumari wenye kutu kwenye udongo wenye kinyesi cha mifugo, na Isiolo haina udongo mwingi usio nacho, ni njia inayojulikana ya pepopunda. Dalili zake hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21, wakati kidonda chenyewe kimeshasahaulika. Wanawake wengi hupata chanjo ya pepopunda wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwanamume wa miaka 35 aliyekulia malishoni huenda alikosa dozi za utotoni, na kama alizipata, huenda hajaongezwa nyingine tangu wakati huo. Ndiye anayebeba mbao na vyuma. Jicho lililokwaruzwa na jiwe hutibika kwa urahisi siku ya kwanza. Likiachwa wiki moja kwa matone ya kununua kwa kukisia, linaweza kufanya kidonda na kuacha kovu lisiloondoka. Mkato wa kiganja unaoonekana kuwa wa ngozi tu huenda umegusa kano inayokunja kidole, na kidole kisichokunja hakishiki sururu. Kichinjioni pana jambo jingine: aliyejikata huku mikono imejaa damu ya mnyama anaweza kuambukizwa brusela, ambayo huja kama homa na maumivu ya viungo na kutibiwa malaria mara mbili tatu kabla ya mtu kukumbuka kisu. Katika kila mfano huu, tofauti kati ya gharama ndogo na ulemavu ni kuonwa mapema na mtu aliyesomea kazi hiyo. Na anayejua kwamba atalipa mwenyewe hachelewi kwa ujinga. Anachelewa kwa kuwa mkoba hauruhusu.

Nimewaandikia ninyi, sikuiandikia wizara, kwa sababu ya namna kazi ilivyo hapa. Isiolo si mji wa viwanda vyenye lango na daftari la wafanyakazi. Ni mji wa barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale, wa masoko ya mifugo, wa maghala, wa karakana za jua kali, wa nyumba za kupangisha zinazoota Bulla Pesa na Wabera kila mwezi, na wa miradi mikubwa inayokuja na wakandarasi wake na kuondoka nao. Mkandarasi mkubwa huajiri mkandarasi mdogo, mdogo humpa nyapara idadi ya vichwa, nyapara huchukua vijana asubuhi kandokando ya barabara. Jioni ukimuuliza kijana mwajiri wake ni nani, atakutajia jina la utani la nyapara. Kwa mtu wa Merti au Garba Tulla lipo pia tatizo la umbali, maana zahanati ya karibu itasafisha kidonda, lakini picha ya eksirei au daktari wa macho ni safari ya kuja mjini kwa nauli ambayo sheria inasema ni ya mwajiri, na ambayo sijui ni waajiri wangapi wanajua kwamba wanadaiwa.

Ombi langu la kwanza ni jepesi kiasi cha kutia aibu. Katika Hospitali ya Rufaa ya Isiolo, na katika kila kituo cha afya na zahanati ya kaunti, karani wa usajili amuulize kila mwenye jeraha mambo mawili: Umeumia ukiwa kazini? Unamfanyia nani kazi, na wapi? Majibu yaandikwe kwenye kadi ya mgonjwa. Atibiwe kwanza, bila kungoja chochote, kwani Katiba katika kifungu cha 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kisha bili itumwe kwa mwajiri aliyetajwa, pamoja na barua fupi ya hospitali inayomkumbusha wajibu wake chini ya WIBA, na nakala ipelekwe kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, ambayo mwajiri alipaswa kuiarifu mwenyewe ndani ya siku saba tangu apate habari. Tayari hospitali ina karani, kadi na kalamu. Na tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, mapato yanayokusanywa na kituo hubaki katika kituo hicho. Bili ya mwajiri ikilipwa, hospitali inanunua nyuzi na glavu. Leo hii bili hiyo hiyo, mfanyakazi akishindwa kuilipa, huandikwa kama msamaha na kuwa hasara ya kaunti. Kwa hiyo mwajiri asiyelipa hamdhulumu kibarua wake peke yake, anajilipia gharama za biashara yake kwa pesa za umma.

Nitaambiwa kwamba jambo hili limepitwa na wakati kwa kuwa sasa tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Ni pingamizi lenye uzito, nami silipuuzi. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi, na hilo ni jema. Lakini jicho lenye jiwe halitibiwi kwenye zahanati, na kwenye hospitali za ngazi ya nne na kuendelea mgonjwa hutegemea mchango wake mwenyewe. Aliye kwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau 3,600 kwa mkupuo. Kibarua anayeishi kwa ujira wa siku hana 3,600 za mkupuo, na hata akiwa nazo, swali langu lingali pale pale: kwa nini bima aliyoilipia yeye kwa ajili ya homa ya mtoto wake itumike kulipia msumari wa mjengo wa mtu mwingine? Hatari ya kazi huzalishwa na kazi, na faida ya kazi humwendea mwenye kazi. Wakati Ujerumani ilipoanzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884 ilitoza waajiri peke yao, na Tanzania ilipoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kukusanya michango 2015, ilifanya vivyo hivyo: mwajiri huchanga, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kuhamishia jeraha la kazini kwenye SHA ni kumrudishia mfanyakazi mzigo ambao sheria ilishamtua.

Pingamizi la pili ni la wafanyabiashara wadogo, na hili linaniumiza kichwa zaidi. Mwenye karakana ya kuchomelea milango ana vijana wawili, kodi ya kibanda na umeme unaokatika. Bili ya hospitali ya shilingi elfu kumi inaweza kumfungia duka. Ni kweli. Lakini ndiyo sababu sheria inamtaka mwajiri akate bima: ili jambo lisilotabirika liwe gharama ndogo inayotabirika, inayoingizwa kwenye bei ya mlango. Nchini Tanzania, mchango wa mwajiri katika ule mfuko ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kwetu bima hii iko mikononi mwa kampuni binafsi, na mwenye vijana wawili akienda peke yake kujadiliana nazo hana sauti. Hapa ndipo kaunti inaweza kusaidia badala ya kuadhibu. Vyama vya jua kali, vyama vya ushirika na waendesha machimbo wanaweza kuhamasishwa kukata bima kwa pamoja, na idara ya biashara ya kaunti iwe mwenyeji wa mazungumzo hayo. Nakubali pia kwamba mkandarasi wa barabara na mwenye kibanda wasipewe muda sawa wa kutimiza masharti. Ila sikubali kwamba umaskini wa mwajiri uzibwe kwa umaskini wa kijana anayemfanyia kazi. Wote wawili ni maskini, lakini mmoja tu ndiye aliyeamua kijana apande ngazi ile bila mtu wa kuishika.

Wengine watasema kazi na ajira si mambo ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa Serikali ya Kitaifa viwango vya kazi, na sipendekezi mtunge sheria ya kazi ya Isiolo. Jedwali hilo hilo limewapa ninyi vituo vya afya vya kaunti na leseni za biashara. Kuuliza swali kwenye kituo chenu na kutuma bili ni usimamizi wa hospitali. Kudai cheti cha bima kabla ya kutoa leseni kwa shughuli zenye hatari, kama ujenzi, machimbo, uchinjaji na karakana, ni sharti la leseni, na mahali pake ni kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti unaoletwa mbele yenu kila mwaka.

Kuna pia wanaohofia udanganyifu: mtu ataumia akicheza mpira Jumapili, Jumatatu aseme ni kazini. Wapo watakaojaribu. Lakini daktari anayeandika muda wa jeraha na sura yake hadanganywi kirahisi, mwajiri ana nafasi ya kukanusha, na taarifa iliyoandikwa siku ile ile ni kinga kwa mwajiri mwaminifu kuliko madai yanayoibuka miezi kumi baadaye. Hofu inayonishughulisha mimi ni ya upande wa pili, kwamba kijana atanyamaza au atasema ameangukia nyumbani ili asiharibu uhusiano na nyapara. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu, lakini kibarua wa siku hafukuzwi, haitwi tu kesho yake, na hakuna korti itakayomrudisha kwenye foleni ya asubuhi. Ndiyo maana nasisitiza swali liulizwe na karani na liulizwe kwa kila mwenye jeraha. Anayejibu swali la hospitali hajamshtaki mtu. Bili inapofika kwa mkandarasi inatoka hospitalini, na bili za vijana watano wa mjengo mmoja zikifika ndani ya mwezi mmoja, nyapara hatajua amlaumu nani, ila mwenye mjengo atajua kwamba pana tatizo la ngazi.

Hilo la mwisho ni faida ambayo haijatajwa sana, nami naiweka mbele ya pesa. Leo hakuna anayeweza kuwaambia, Waheshimiwa, ni watu wangapi walioumia kazini katika kaunti hii mwaka jana, wala ni machimbo yapi yanayotoa majeruhi wengi wa macho. Kadi zenye jibu la maswali mawili zingewaonyesha ndani ya miezi sita. Mkaguzi mmoja angejua aanzie wapi, na miwani ya kukinga macho, ambayo bei yake ni ndogo kuliko matibabu ya jicho moja, ingenunuliwa na mtu aliyechoka kupokea bili.

Kabla ya kumfuata mwenye karakana, tafadhali anzeni nyumbani. Kaunti ni mwajiri. Inao wazoa taka wanaoshika vioo na sindano kwa mikono mitupu, inao wafagiaji wa soko, na inalipa wakandarasi wanaojenga madarasa ya chekechea na kuchimba mitaro ya maji. Ulizeni katika kamati yenu ya kazi kama kila mmoja wa watu hao ana bima ya WIBA inayoendelea leo, na kama nyaraka za zabuni zinamlazimu mkandarasi kuonyesha cheti hicho kabla ya malipo ya kwanza, pamoja na sanduku la huduma ya kwanza pale kazini, ambalo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inalidai tayari.

Naomba mambo matatu yaingie kwenye kumbukumbu za Bunge lenu kikao kijacho: agizo kwa Idara ya Afya kuhusu maswali mawili ya usajili na bili kwa mwajiri, sharti la cheti cha bima katika Mswada wa Fedha ujao, likianza na shughuli kubwa na kuwapa wadogo mwaka mmoja wa kujiandaa, na ripoti ya kamati ya kazi kuhusu wafanyakazi wa kaunti yenyewe. La kwanza halihitaji mswada wala bajeti mpya. Lingeweza kuanza Jumatatu.

Wenu,
Mkazi wa mji wa Isiolo